Msimkatie mwanafunzi tiketi kabla ya kuona karatasi zake

Kwa Mhariri,

Kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukikaribia, na kila harusi ikitiwa tarehe Shaabani, simu za kutoka Lamu kwenda ng'ambo huwa hazikatiki. Mama anataka mwanawe awepo kwenye zefe, shangazi anamtaka kwenye kesha la hina, na baba keshafika kwa wakala wa tiketi kabla ya kumwuliza mwenye safari. Nia ni njema. Lakini wengi wanaokwama safarini hukwama kwa sababu hiyo hiyo: tiketi ilitangulia, karatasi zikafuata.

Sisi tunaoandika ni wazazi wenye watoto vyuoni nje ya nchi, pamoja na wahitimu waliokwisha kurudi. Tunaomba nafasi tueleze namna safari hii inavyopangwa, maana mengi yanayosemwa barazani yalikuwa sawa miaka ya nyuma na leo hayafai tena.

Tuanze na kalenda, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia. Maulidi yetu ya msikiti wa Riyadha hufuata mwezi, kwa hivyo kila mwaka husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya vyuo. Mwaka 2026 Mfungo Sita unaangukia kati ya katikati ya Agosti na karibu katikati ya Septemba, na kilele cha Lamu huwa mwishoni mwa mwezi. Vyuo vingi vya Marekani hufunguliwa katika nusu ya pili ya Agosti. Vingi vya Uingereza huanza masomo mwishoni mwa Septemba. Kwa hivyo anayesoma Leeds anaweza kuhudhuria Maulidi na akarudi kwa raha, ilhali mwenzake wa Ohio atakosa wiki za kwanza za muhula, ambazo ndizo za kujisajili na kuthibitisha kuwa yupo chuoni. Harusi za Shaabani nazo ni mbaya zaidi: miaka hii Shaabani inaangukia Januari na Februari, wakati wa mitihani kwa wengine na katikati ya masomo kwa wengine. Hakuna chuo kitakachoahirisha mtihani kwa sababu bibi harusi amekwisha pakwa piko.

Basi kabla ya kutia tarehe, mwombeni mwanafunzi kalenda ya chuo chake, na muulize siku mbili tu: siku ya mtihani wa mwisho, na siku anayotakiwa kuwa darasani tena. Mtihani wa marudio huwa na tarehe yake na mara nyingi huwa ndani ya likizo, kwa hivyo asiyejua matokeo yake asikatiwe tiketi isiyobadilishika.

Kalenda ikikubali, zinafuata karatasi, na hapa lazima watu watenganishe viza na kibali cha kukaa. Viza ni ufunguo wa mlango wa mbele, kibali ni ruhusa ya kulala ndani ya nyumba. Mtu anaweza kulala ndani kihalali miaka mitatu huku ufunguo umeshakatika. Haoni tabu yoyote mpaka siku atakapotoka nje na kutaka kuingia tena.

Marekani ndiko jambo hili linakowanasa wengi. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, yaani ya wanafunzi, anaruhusiwa kuendelea kusoma hata kama viza iliyobandikwa kwenye pasipoti imekwisha muda, maadamu bado ni mwanafunzi kamili. Akija Lamu, hawezi kurudi bila viza iliyo hai. Kwa hivyo afungue pasipoti asome tarehe ya mwisho na idadi ya mara anazoruhusiwa kuingia. Viza ya kuingia mara moja imeshatumika siku ile alipofika, hata kama tarehe yake haijapita. Karatasi ya pili ni fomu ya I-20, ile inayotolewa na chuo kuthibitisha uanafunzi wake. Ukurasa wake wa pili una nafasi za sahihi ya safari, na anayetia sahihi ni ofisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni. Kwa anayeendelea na masomo sahihi hiyo hudumu mwaka mmoja. Kwa aliyehitimu na yuko kwenye kipindi cha kazi ya mafunzo ni miezi sita. Ofisa huyo huenda likizo kama watu wengine, kwa hivyo sahihi isingojewe wiki ya safari. Na mtu asikae nje zaidi ya miezi mitano mfululizo akadhani atarudi kwa karatasi zile zile, maana hadhi yake ya uanafunzi huwa imekufa.

Ikiwa viza imekwisha, itaombwa upya, na mahali pa Mkenya pa kuiomba ni ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi. Zamani wengi walipeana mbinu ya kuvuka hadi nchi jirani ya Marekani na kuombea huko. Tangu Septemba 2025 Marekani inawataka waombaji waombe katika nchi ya uraia wao au wanakoishi. Tangu mwezi huo huo msamaha wa mahojiano umebanwa sana, kwa hivyo aliyezoea kusikia kwamba viza ya pili hutolewa bila kuulizwa asitegemee hilo. Hatua ni hizi. Hujazwa fomu ya DS-160 kwenye mtandao, hulipwa ada ya maombi, ambayo kwa wanafunzi imekuwa dola 185 tangu Juni 2023, kisha huchukuliwa miadi. Ile ada nyingine ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, hailipwi tena ikiwa nambari ya SEVIS kwenye I-20 haijabadilika. Wapo wanaolipishwa na mawakala mara mbili bila sababu. Picha iwe ya sentimita tano kwa tano, iliyopigwa ndani ya miezi sita, bila miwani. Mtandio wa kidini unaruhusiwa, lakini uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi juu ya paji, na kitambaa kisitie kivuli mashavuni. Binti zetu hurudishiwa picha kwa ajili ya kivuli hicho, na mpiga picha wa mtaani hakioni kwa sababu amezoea taa moja ya pembeni.

Miadi ndiyo inayoamua tarehe ya tiketi. Itafutwe kwanza, na iwe ndani ya siku tatu au nne za mwanzo baada ya kutua Nairobi, kabla ya kushuka Pwani. Akiiacha mpaka mwisho wa likizo, pasipoti itabaki ubalozini wakati ndege inaondoka. Hata aliyekubaliwa hungoja siku kadhaa pasipoti irudi, na baadhi hupewa karatasi ya kusema maombi yao yanachunguzwa zaidi, jambo linaloweza kuchukua wiki nyingi. Aliyebadili fani ya masomo, aliyehama chuo, au anayesomea baadhi ya sayansi za juu ajiwekee nafasi kubwa. Ushauri wetu kwa mwenye viza iliyokufa na likizo ya wiki mbili ni mmoja: asije. Angoje likizo ndefu.

Uingereza mambo yamegeuka. Zile kadi ngumu za ukaazi zilikoma tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi ya mtu iko kwenye akaunti ya mtandaoni. Hakuna cha kubeba mfukoni, ila kuna cha kuhakikisha: pasipoti anayosafiria ndiyo iliyounganishwa na ile akaunti. Aliyepata pasipoti mpya na hakuingiza nambari yake atafika kwenye kaunta ya ndege Nairobi, karani aipige kwenye mashine, mashine iseme haimjui. Achapishe pia ukurasa wa hadhi yake na msimbo wa kuthibitisha. Msimbo huo hudumu siku 90, kwa hivyo utolewe karibu na safari.

Kanada, kibali cha kusomea si viza. Ni karatasi mbili tofauti, na Mkenya anahitaji zote mbili ili arudi. Wengi hutazama kibali chenye miaka miwili iliyobaki wakaridhika, kumbe viza iliyo ndani ya pasipoti ilikwisha mwaka jana.

Wanaosoma Saudia, na Lamu ina wengi Madina, wasitoke bila ruhusa ya kutoka na kurudi, ile watu waiitayo khuruji na auda. Ina idadi ya siku. Ikiisha mtu angali huku, iqama yake, yaani kibali cha kukaa, nayo huingia matatani. Kwa hivyo mgonjwa akizidiwa nyumbani na kijana akataka kuongeza siku, kwanza ahesabu siku za ruhusa, kisha ndiyo abadili tiketi. Malaysia pasi ya mwanafunzi hutolewa upya, aghalabu kila mwaka, kupitia chuo na EMGS, ofisi ya huko inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, na wakati huo pasipoti huwa mikononi mwao. Asiahidi harusi ya Lamu ilhali pasipoti haiko kwake.

India ina jambo lake, nalo ni chanjo. Kenya imo katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na India humtaka kila atokaye huku awe na cheti cha chanjo. Cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hakina mwisho. Hakuna haja ya kudungwa tena kila miaka kumi kama zamani. Asiye nacho anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku sita. Tatizo letu ni kwamba kile kitabu cha manjano hupotea. Kijana alikitumia safari ya kwanza, akakitia kwenye begi la vitabu, basi. Atafute kabla ya kutoka hosteli. Akikikosa, adungwe mara tu afikapo Kenya, na likizo yake iwe imepita siku kumi. Likizo ya wiki moja kwa asiye na cheti haiwezekani kabisa, na hakuna daktari wa kuirekebisha hesabu hiyo kwa njia ya halali.

Pasipoti yenyewe iwe na angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa tupu mbili au zaidi. Inayokaribia kwisha huombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji hufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Si kila ubalozi wa Kenya una mashine ya alama hizo, kwa hivyo aliye katika nchi isiyo na huduma atapanga kuifanya akija, na hapo ndipo karatasi hugongana: pasipoti mpya haijatoka, na viza imo ndani ya ile ya zamani. Ile ya zamani isitupwe wala isikatwe kona penye viza. Kwa Marekani, viza hai iliyo ndani ya pasipoti iliyokwisha bado hutumika ikiandamana na pasipoti mpya ya nchi ile ile, mradi viza haikuharibiwa.

Sasa tuje kwenye kitambulisho, kitu ambacho wageni wa njia hii hawakijui na sisi tunakijua sana. Mwanafunzi ameacha pasipoti Gigiri, anapanda basi la kuja Lamu. Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni karibu kilomita 340, na baada ya Garsen, kuelekea Witu na Hindi, kuna vizuizi vya usalama. Abiria huteremshwa, hupanga mstari kando ya barabara, kila mmoja ameshika kitambulisho juu kifuani. Asiye na kadi huwekwa pembeni, basi zima linamngoja, dereva anapiga honi, na yeye anaonyesha kadi ya chuo cha ng'ambo. Aliyeondoka nchini kabla ya kutimiza miaka 18 hana kitambulisho kabisa. Ajiandikishe katika wiki ya kwanza, na mpaka hapo atembee na pasipoti. Aliye nacho akibebe kutoka ng'ambo, asikiache kwenye droo ya hosteli. Na visifungiwe ndani ya begi lililo buti au juu ya basi, bali vikae mfukoni. Ndege za ndani pia hudai kitambulisho au pasipoti.

Kuhusu ndege na mizigo, hesabu ni rahisi lakini haifanywi. Ndege nyingi za masafa marefu kutoka Marekani kuja Afrika huruhusu mabegi mawili ya kilo 23, jumla 46. Ndege ndogo za kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuja uwanja wetu wa Manda aghalabu huruhusu kilo 15 kwa jumla, mkoba wa mkononi ukiwemo, na hutaka begi laini, kwa sababu buti yake ni ndogo na sanduku gumu haliingii. Kilo 31 zilizobaki ama zitalipiwa, ikiwa nafasi ipo, ama zitabaki Nairobi. Zipo pia ndege kubwa kidogo zinazotoka Jomo Kenyatta kwenda Manda moja kwa moja na zinazochukua mzigo zaidi. Tofauti ya nauli mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kuhama kutoka Jomo Kenyatta hadi Wilson kwa teksi, kwenye foleni, na mabegi manne. Mwenye mzigo mkubwa apande treni ya SGR mpaka Miritini, kisha basi. Na zawadi zipunguzwe. Kila ami na kila binamu kutaka simu mpya ni mzigo anaobebeshwa mtu anayeishi kwa posho ya chuo.

Afikapo Nairobi atajaza fomu ya forodha ya F88. Nguo na kompyuta yake ya kusomea si tatizo. Simu tano ndani ya maboksi ambayo hayajafunguliwa ni bidhaa, na forodha wataziita hivyo. Awe na risiti, aseme ukweli. Fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi hutangazwa, ingawa hatujui mwanafunzi gani anazo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hivyo ile ya maduka ya uwanja wa ndege aiache hapo hapo. Droni ya kupigia picha za jahazi haiingizwi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Tiketi za vipande vipande ni mtego mwingine. Wakala hupata bei nafuu kwa kununua ndege mbili zisizojuana: moja mpaka mji wa katikati, nyingine kutoka hapo. Begi haliendi moja kwa moja, mtu inambidi alitoe na kuliingiza tena, na kulitoa maana yake ni kuingia nchi ile, jambo ambalo huenda likataka viza. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haimngoji wala hairudishi pesa. Uingereza humtaka Mkenya viza ya kupitia hata kama hatoki nje ya uwanja, ila aliye na viza hai ya nchi kama Marekani au Kanada, ambaye husamehewa kwa masharti. Tiketi iwe moja, yenye nambari moja ya uhifadhi, na iwe ya kubadilishika tarehe ya kurudi.

Afya hatutaipita haraka, kwa kuwa hapa ndipo wenyeji hujidanganya. Kijana aliyekulia Langoni au Faza alikuwa na kinga fulani ya malaria, aliyoipata kwa kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka. Kinga hiyo hufifia akiishi kusiko na malaria, na baada ya mwaka mmoja au miwili anakuwa karibu sawa na mtalii. Lakini mtalii huja na vidonge, mwanafunzi wetu haji navyo, kwa kuwa anaona haya kuogopa mbu wa kwao. Amwone daktari huko huko wiki nne hadi sita kabla ya safari. Vidonge vya atovakwoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia Pwani, humezwa kila siku, na huendelezwa siku saba baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanzwa vivyo hivyo lakini huendelezwa wiki nne, na hufanya ngozi iungue upesi na jua, kwa hivyo mwenye kupanga kushinda ufuoni Shela amweleze daktari. Kosa kubwa ni kuacha dawa siku ya kupanda ndege. Vimelea huwa bado vimo ndani ya ini, na homa huja wakati mtu yuko bwenini, kwenye baridi, daktari anadhani ni mafua. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ametoka pwani ya Kenya, na aombe kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha kitu na homa ipo, kirudiwe ndani ya saa 12 hadi 24. Na alale ndani ya neti, hata mama akisema mbu wa kusi ni wachache.

Kabla ya kufunga chumba chake cha ng'ambo ana mambo madogo ya kumaliza. Benki nyingi hutuma msimbo kwa simu kila anapoingia kwenye akaunti. Laini ya huko ikizimwa, hawezi kulipa karo wala kodi akiwa Lamu. Aiache hai, aiweke iweze kupokea ujumbe nje ya nchi. Laini yake ya Kenya nayo, ikiwa imekaa kimya muda mrefu, huenda imeshapewa mtu mwingine, pamoja na matumaini ya M-Pesa. Nakala za karatasi zote azitume kwenye barua pepe yake, na karatasi zenyewe azitie kwenye mfuko usioingia maji. Miezi ya kusi mashua ya kutoka Mokowe au gati ya Manda hurusha maji, na I-20 iliyolowa wino ukatawanyika hairidhishi ofisa yeyote.

Vyakula vya kurudi navyo vina sheria. Uingereza na nchi za Ulaya hazipokei nyama wala maziwa kutoka huku mikononi mwa msafiri, na samli imo humo. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, waliotolewa matumbo kama ni wabichi, kwa hivyo ng'onda wanapita, ingawa mwenye kushiriki chumba afikirie jirani yake. Asali ni hadi kilo mbili. Marekani hairuhusu nyama, na embe mbichi ni marufuku; achari iliyopikwa na kufungwa vizuri hupita ikitangazwa. Jambo la kushika ni kutangaza. Kitu kilichotangazwa kikikataliwa hutupwa tu, kilichofichwa huleta faini. Achari isiwekwe mkobani, maana mpaka wa vimiminika mkononi ni mililita 100. Makombe na matumbawe ya kuwapelekea walimu yaachwe baharini.

Siku ya kuondoka ihesabiwe kutoka nyuma. Msimu wa mvua, mto Tana ukifurika, barabara ya Garsen hukatika. Ilikatika Novemba 2023, na mafuriko yakarudi 2024. Mabasi huenda yasisafiri usiku katika njia hii, na ndege za Manda huahirishwa hali ya hewa ikiharibika. Mwenye ndege ya Nairobi Jumapili usiku awe ameshavuka Mokowe Ijumaa asubuhi. Karatasi zote ziwe mkobani, pamoja na barua ya chuo ya kuthibitisha masomo, matokeo ya muhula uliopita na uthibitisho wa karo, kwa sababu begi kubwa huwa chini ya ndege wakati ofisa wa uhamiaji anauliza. Aliyefika Marekani akasahau I-20 anaweza kuruhusiwa kuingia kwa fomu ya I-515A yenye siku 30 za kutengeneza mambo, lakini hilo ni uamuzi wa ofisa na si haki ya msafiri. Kabla hata ya huyo kuna karani wa ndege Nairobi, ambaye asiporidhika hampandishi mtu, na mjadala naye huwa mfupi.

Ombi letu la mwisho ni kwa kaunti za Lamu na Kilifi, na kamati zinazotoa basari na ufadhili. Mnapompa kijana barua ya ufadhili wa kwenda nje, mtieni na ukurasa mmoja wenye mambo haya: tarehe za viza na kibali, cheti cha homa ya manjano, kitambulisho, na nambari ya simu ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Nakala ya pili ya ukurasa huo mpeni mzazi, kwa kuwa yeye ndiye atakayekwenda kwa wakala wa tiketi.

Wazazi na wahitimu wa vyuo vya ng'ambo,
Langoni, Lamu